Mashine ndogo ya kuchonga na kung'arisha: nimeijaribu kwa jiwe la Kisii, tumbawe na floraiti

Nianze na jibu, kwa ajili ya anayesoma haya akiwa kaunta na pesa mkononi. Kama unataka kung'arisha jiwe la Kisii, tumbawe au jiwe jingine laini la kwetu, usinunue mashine hii kwanza. Nunua karatasi chache za msasa wa maji, kipande cha kioo cha kuzilazia na kipande cha ngozi. Ukishamaliza jiwe moja kwa mkono, utajua mwenyewe kama mashine unaihitaji na kwa kazi gani. Mimi ninayo, ninaitumia, na siiuzi. Lakini ile picha iliyochapwa juu ya boksi, ya jiwe linalometa chini ya gurudumu la sufi, ni kazi ambayo mashine yenyewe haiiwezi, angalau kwa mawe haya.

Ni ile mota ndogo ya kushika mkononi iliyojaa madukani Mombasa na Nairobi, kila duka kwa jina lake na rangi yake, ndani kitu kile kile. Yangu ilinigharimu zaidi kidogo ya shilingi elfu nne. Boksini mna mota ya volti 220, kirungu cha kurekebisha kasi, shafti ya kunyumbuka ya karibu mita moja yenye mpini mwembamba mwishoni, biti thelathini za unga wa almasi, visahani vya kukatia, mirija midogo ya msasa, vifundo vya sufi iliyoshindiliwa, na kijiti cha sabuni ya kijani ya kung'arishia. Makaa ya akiba ya mota, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani na kuchakaa, yamo pia, mawili, ndani ya kifuko cha plastiki ambacho ni rahisi kukitupa pamoja na takataka za boksi. Yatoe uyaweke.

Kwa kazi mimi ni fundi saa, Mji wa Kale, Mombasa. Siku hizi saa inayoletwa kibandani ni ya kubadilishwa betri au mkanda, kazi ya dakika tano, na mchana ni mrefu. Lenzi ya kuvaa jichoni ninayo, vibanio ninavyo, kalipa ninayo, taa ya shingo ya kupinda ninayo. Mawe yakaja yakakuta kila kitu mezani. Nachonga kaboshoni: jiwe lenye kitako bapa na mgongo wa kuba, bila zile pembe zinazokatwa kwenye almasi. Umbo hili linalifaa jiwe lisilopitisha mwanga lakini lenye mchoro, maana mistari iliyokuwa imenyooka hupinda ikifuata mgongo, na ukiliinamisha jiwe mchoro unabadilika. Kipimo changu cha kawaida ni milimita 25 kwa 18, kwa kuwa fremu za herini na vidani za kipimo hicho zinauzwa tayari.

Jiwe la Kisii silinunui. Wauzaji wa vinyago njia ya Fort Jesus hawakosi sahani iliyopasuka, kiboko asiye na sikio au kete ya sataranji iliyokatika shingo, na wananiwekea. “Ami, takataka zako hizi hapa,” ananiambia mmoja wao, na mimi humtengenezea saa bila malipo. Vile vilivyopakwa rangi nyekundu au buluu sivichukui. Rangi ile imeishia juu tu. Ukikwangua kwa msumari jiwe jeupe linatokea, na ndivyo wanavyopata ile michoro ya twiga na pundamilia. Ninachotafuta ni jiwe lililoachwa na rangi yake: jeupe lenye mishipa ya kahawia, la waridi lenye mawingu ya kijivu, na mara chache lile la zambarau iliyofifia ambalo likiloa maji unadhani ni jiwe jingine kabisa. Sahani ya unene wa milimita saba au nane inatoa kaboshoni nyingi, na tayari ni bapa. Nusu ya kazi umeshafanyiwa na wachongaji wa Tabaka, kule Kisii linakotoka jiwe.

Tumbawe liko chini ya miguu yetu. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, pamoja na nyumba kuukuu za mtaa wangu, zimetokana na jiwe hilo. Siendi baharini kuvunja chochote, na wewe usiende. Palipo na nyumba inayojengwa kwa mawe ya kukatwa pana vipande vilivyotupwa, na msimamizi hajali ukimwomba kimoja. Vingi ni mchanga ulioshikana, havifai. Kigonge: chenye sauti kavu, iliyokaza, ndicho. Kipasue utakuta nyota, macho, vijibonde vinavyozungukana, na pengine kipande cha kombe kilichozama humo zamani mno.

Floraiti ninayo bonge moja. Madini haya yalikuwa yakija bandarini kwetu kutoka Kimwarer, Bonde la Kerio, kwa ajili ya kusafirishwa nje, na dereva mmoja rafiki yangu aliniletea bonge la zambarau lenye mkanda mweupe katikati. Linapendeza kuliko yote na linatesa kuliko yote. Nitalifikia.

Kwa mizani ya Mohs, iliyotungwa mwaka 1812 na kupanga madini kwa ugumu, kutoka 1 iliyo laini mpaka 10, jiwe la Kisii liko karibu na chini kabisa. Kisu cha jikoni kinalikata. Tumbawe liko kwenye 3 na kitu. Floraiti ni 4 kamili. Chembe nyeusi za msasa wa maji, silikoni kabidi, zinapita 9, na almasi ya zile biti ni 10. Kwa hiyo hatuna uhaba wa kitu cha kuyala mawe haya. Shida ni kwamba kila kitu kinayala, tena upesi kuliko unavyotaka, na mashine hii haijatengenezwa kwa mtu anayetaka kwenda polepole.

Kibandiko kinasema kasi ya chini ni mizunguko 8,000 kwa dakika na ya juu ni 30,000. Chukua kifundo cha sufi chenye kipenyo cha milimita 20 upige hesabu: kwa kasi ya juu, ukingo wake unapita juu ya jiwe mita 31 kila sekunde, zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Kwa kasi ya chini kabisa bado ni mita 8 kwa sekunde. Jirani yangu sonara ana mashine ya kuning'inia ukutani, yenye pedali ya mguu, ambayo inaanza kutoka sifuri na kuongezeka kadiri anavyokanyaga. Alipoijaribu yangu aliirudisha mezani akacheka: “Bwana Fundi, hii yako haijui kutembea, inajua kukimbia tu.” Kama una pesa ya mashine ya sonara, tafuta hiyo, na tathmini hii haikuhusu.

Kukata kwanza. Vile visahani vya kukatia vinapita kwenye jiwe la Kisii bila taabu na kuinua wingu la vumbi jeupe ambalo siku ya pili bado utalikuta juu ya redio. Msumeno wa chuma, ule wa kukatia mabomba, unafanya kazi hiyo hiyo kwa muda usiozidi sana, na vumbi lake linaanguka chini badala ya kupaa. Kwa tumbawe kisahani kinasaidia kweli, kwa sababu msumeno unakwama kwenye vishimo. Chora duara yako kwa ncha ya waya wa shaba au alumini. Penseli inafutika maji yakigusa, kalamu ya wino inazama ndani ya jiwe jeupe na haitoki.

Kisha unaligandisha jiwe kwenye kijiti ili vidole visiwe njiani. Watu wa mawe wanatumia lakiri iliyopashwa moto, na kwa jiwe la Kisii ni sawa. Kwa floraiti usithubutu. Floraiti ina pande nne ambazo inapenda kupasukia, na joto la ghafla linatosha kuifungua. Mimi hutumia tone la gundi ya haraka kwenye kichwa cha msumari bapa, halafu mwisho nailegeza kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha.

Sasa mahali ambapo mashine inastahili pesa yake: kutoa umbo. Biti ya almasi yenye umbo la pipa, kasi ya chini, jiwe limeloa, na ukingo wa duara unapatikana kwa muda mfupi mno. Unazungusha ukingo, unakata kona kwa mteremko kuzunguka pande zote, unaikata tena juu ya mteremko ule, na kuba inaanza kuonekana. Kwa mkono, kwa msasa namba 120, hatua hii ni ya kuchosha viganja. Kwa mashine ni raha, nami siifanyi tena kwa mkono. Ila acha jiwe likiwa kubwa kidogo kuliko unavyotaka. Biti hizi ni za unga mkorofi, zinaacha mifereji ambayo lazima uisugue baadaye, na kila mfereji una kina. Ukifika kwenye kipimo chako kamili kwa biti, ukishaondoa mifereji utakuwa umeshuka chini yake na jiwe litacheza kwenye fremu.

Kutoboa nako ni kuzuri. Tundu la kupitishia pete ya kidani kwenye jiwe la Kisii linachukua muda wa kunywa kahawa nusu kikombe. Liweke jiwe juu ya ubao mwororo ili upande wa pili usibomoke, dondoshea maji, toa biti mara kwa mara ivute pumzi. Lalamiko langu hapa ni la fundi saa: kile kikamatio cha biti hakiko sawa katikati. Biti ya milimita moja inatoboa tundu la moja na robo, kalipa haidanganyi, kwa sababu inatikisika ikizunguka. Kwa kidani haijalishi. Kwa mtu anayetaka kuingiza sindano ya herini ndani ya tundu na ikae, itamkera.

Baada ya umbo, zima. Nasema hivi nikijua boksi linasema tofauti.

Ile mirija ya msasa ni midogo, migumu na ya duara, nayo kuba yako ni ya duara upande wa pili. Duara kwa duara hukutana pembamba sana, na pale zinapokutana panachimbika. Utapata kuba yenye mabonde ambayo macho hayayaoni mpaka jiwe ling'ae, hapo mwanga unavunjika juu yake na kila bonde linajitangaza. Karatasi ya msasa wa maji iliyolazwa juu ya kipande cha mpira wa ndani wa tairi inakumbatia kuba bila kuila. Unalizungusha jiwe kwa kifundo cha mkono, unalibiringisha kutoka ukingoni kwenda kileleni, maji kidogo kidogo. Msasa huu unapatikana maduka ya rangi za magari, karatasi moja haifiki shilingi mia, na ukiikata vipande inahudumia mawe mengi. Namba zangu ni 220, 400, 600, 1000 na 2000; namba ikipanda, chembe zinakuwa ndogo. Kati ya magharibi na isha namba mbili zinakwisha bila haraka, redio ikisoma habari. Stima ikikatika, naendelea barazani.

Kati ya namba na namba, likaushe jiwe. Jiwe lililoloa hung'aa hata likiwa limejaa mikwaruzo. Likaushe, livalie lenzi, uliweke chini ya taa inayopiga kwa ubavu, na usihamie namba inayofuata mpaka mikwaruzo yote iwe ya saizi moja. Mwaga maji, osha mikono, badilisha kitambaa. Chembe moja ya 220 iliyojificha kwenye taulo itakufuata hadi 2000. Tumbawe lisugue kwa mswaki wa zamani, maana vishimo vyake vinazificha chembe hizo ndani.

Wanaochonga kule Tabaka, kaunti ya Kisii, wanaoishi kwa jiwe hili, hufanya hivyo hivyo: panga na visu kutoa umbo, kisha msasa ndani ya beseni la maji, kazi ambayo mara nyingi hufanywa na kina mama, na nta mwishoni. Wale wangekuwa wa kwanza kununua mashine ya kung'arisha kama ingewapunguzia saa.

Sasa sufi na ile sabuni ya kijani, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Rangi ya kijani ile ni kromu oksaidi, unga mzuri kwa chuma cha pua. Nimeutumia kwenye makasha ya saa na sina neno. Jiwe la Kisii lina vitundu vidogo mno, tumbawe lina vitundu vikubwa, na unga ule unaingia humo ukiwa umeyeyushwa na joto la sufi na nta yake. Jiwe jeupe linatoka na ukungu wa kijani kwenye mishipa, na hakuna sabuni itakayoutoa. Ni kurudi 400 na kuanza upya. Sabuni nyekundu ya sonara ina tabia hiyo hiyo. Kama ni lazima utumie unga, tumia ule mweupe wa alumina, uliochanganywa na maji, juu ya ngozi.

Joto ni jambo jingine. Sufi kavu kwa kasi ile inachemka. Vipande vinavyotoka kwa wauza vinyago vina nta ndani, na nta hiyo ikipata moto inasogea na kuacha baka jeusi. Floraiti inapata ufa wa ndani unaoonekana kwa lenzi kabla haujaonekana kwa jicho. Tumbawe haliumii kwa joto lakini halichukui mng'ao. Linabaki na uso wa maziwa.

Halafu kuna kuliwa kwa mishipa. Jiwe lenye mchoro lina mchoro kwa sababu halikufanana kote. Mshipa wa kahawia ndani ya jiwe jeupe la Kisii una ugumu wake, jiwe linaloubeba lina wake. Kitu laini kinachozunguka kasi, kama sufi, kinabonyea na kuchimba palipo laini, kigumu kinabaki kimeinuka. Ukipitisha ukucha unasikia ngazi. Kwenye saa hatuna tatizo hili, chuma ni kimoja. Dawa yake ni kitu kigumu nyuma ya karatasi mara tu umbo la kuba likikamilika: ngozi iliyogandishwa juu ya ubao, badala ya mpira, kuanzia 1000 kwenda juu. Ndiyo maana pia nacheka nikiona mtu anauza mashine hii kwa ajili ya lile jiwe la Longido, la kijani lenye madoa ya yakuti nyekundu. Yakuti ni 9, ule ukijani hauvuki 7, na yale madoa meusi yana ugumu wao wa tatu. Kwa jiwe hilo unahitaji magurudumu ya almasi yenye maji yanayotiririka, na hata hapo ni kazi ya mtu mwenye subira.

Jinsi ninavyomaliza mimi: jiwe la Kisii likitoka 2000 limeshaanza kung'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Naliacha juani mpaka lipate vuguvugu, nalipaka nta ya nyuki nyembamba, nangoja ipoe, nasugua kwa kitambaa cha pamba. Hakuna zaidi. Tumbawe nalijaza vitundu vikubwa kwa gundi ya haraka kabla ya namba 600, kisha linakwenda mpaka 2000 na kumalizikia kwenye ngozi na ule unga mweupe. Floraiti inataka 3000 ukiipata, na mkono mwepesi kiasi kwamba unajiuliza kama unafanya kitu. Ile ya mkanda mweupe ilichukua jioni nyingi, lakini ndiyo pekee ambayo sonara aliniomba bei.

Usivae jiwe la namna hii kwenye pete. Funguo, sarafu, ukuta, kila kitu kitalikwaruza. Herini na vidani, sawa. Tumbawe usiliache liguswe na limau wala siki. Linachemka, na mng'ao unaondoka palepale.

Vumbi. Vumbi laini la mawe likizama mapafuni halitoki kwa urahisi, na mashine hii inatengeneza vumbi laini kuliko msasa. Barakoa ya kitambaa haitoshi, tafuta ile ngumu yenye alama ya N95, na miwani, na maji kila wakati. Kuna wanaopenda malakaiti, lile jiwe la kijani lenye miduara linalokuja na wafanyabiashara kutoka Katanga. Ni laini kama haya, na ni zuri mno, lakini ni madini ya shaba, na vumbi lake ni sumu. Hilo sichongi kavu hata sekunde moja, wala silisogezi karibu na chakula. Tope la mawe yoyote usilimwage kwenye sinki. Liache litulie ndooni, mwaga maji ya juu, tope litupe likiwa limekauka ndani ya mfuko.

Maji na stima havipatani, na hapa shafti ya kunyumbuka inaokoa. Ining'inize mota juu kuliko meza, mpini uwe chini, ili maji yasipande shafti kwenda kwenye mota. Mpini wenyewe unapata moto ukitumika robo saa. Niliufungua: ndani mna bushi badala ya beringi, na zilikuwa kavu. Grisi kidogo imepunguza joto na kelele pia, ingawa mjukuu wangu bado anaiita nyuki na anafunga mlango akiisikia.

Kwa hiyo nyota ngapi? Kama kifaa cha kutoa umbo na kutoboa, nne. Kama kifaa cha kung'arisha jiwe laini, moja, na hiyo moja ni kwa sababu ya biti. Anayechonga mbao, anayepiga chapa kwenye chuma, anayerekebisha vitu vidogo vya nyumbani atairidhia kuliko mimi.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji aichomeke stima mbele yako. Ianze kwenye kasi ya chini, isikilize, kisha ipandishe. Mngurumo wa usawa ni sawa. Ukisikia mtikisiko unaokuja na kupotea, omba nyingine, shafti imepinda. Funga biti ndefu kuliko zote uitazame kwa ubavu ikizunguka taratibu kwa mkono, utauona mtikisiko wa kikamatio. Hesabu biti, maana boksi zilizowahi kufunguliwa hupungua. Angalia pia plagi. Yangu ilikuja na pini mbili za duara, na ya pini tatu niliifunga mwenyewe nyumbani.